Pori Yetu Inaisha, na Sisi Wote Tuko Ndani ya Kosa



Wote mliona moshi. Ilikuwa siku ya posho, mwezi wa tisa, juma la pili tangu masomo kufunguliwa. Kilima kilicho nyuma ya enternati kiliwaka kutoka saa nane ya mchana mpaka giza. Majani yalikuwa makavu sana na upepo ulikuwa mkali. Tulibeba maji na ndoo, tukapiga moto na matawi mabichi, mpaka mikono ya wengine ikatoka malengelenge. Nyumba haikuungua na mtu hakuumia sana, tunamshukuru Mungu. Lakini miche yote ambayo wenzetu wa kalasi ya pili walipanda kwenye mteremko mwaka uliopita imekufa. Haikubaki hata mmoja.

Kesho yake mkuu wa nidhamu aliniita, akasema: "Kapita, niletee majina." Nilileta majina matano. Ni vijana wadogo wa kalasi ya saba. Walikuwa wamekwenda kuwinda panya za pori, na kama mnavyojua wote, panya ya pori inatoka vizuri kama unawasha majani. Walipewa azabu ya kufyeka majani juma nzima. Ilikuwa haki. Masomo bila azabu haiwezi kusimama.

Lakini siku ile nililala vibaya. Sababu ni hii: mimi pia niliwasha. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili nilikuwa kijijini kwa baba mudogo wangu, upande wa mto Lufira, na kila mwisho wa kipwa sisi batoto tulikuwa tunawasha pori juu ya panya. Hakuna mtu aliyeandika jina langu. Basi nilijiuliza: kapita anaandika majina ya wengine, nani anaandika jina la kapita? Ndiyo maana naandika katika gazeti letu. Ningependa tuzungumze juu ya pori, si juu ya wale vijana watano tu.

Pori ni nini kwetu

Mtu wa Likasi akisema "pori" anafikiri kitu kisicho na mwenyewe na kisicho na kazi. Anasema: "Kule hakuna kitu, ni pori tu." Hili ni neno la kwanza la uongo. Pori inayozunguka mji wetu, kutoka Kambove mpaka Kapolowe na mbali zaidi mpaka Zambia na Tanzania, wenye elimu wanaiita miombo. Miti yake mikubwa ni ya jamaa moja: mutondo, muputu na wenzake. Mwezi wa nane na wa tisa, mvua ikiwa bado kabisa, miti hii inatoa majani mapya mekundu kama shaba. Wengi wetu tunayaona kila mwaka kwenye njia ya Lubumbashi na hatujiulizi yanatoka wapi maji yale.

Hesabuni kidogo mnavyokula kutoka huko. Masuku. Mupundu. Asali. Vinkubala, ambavyo mama zetu wanauza kavu sokoni Kikula, na kopo moja inapita bei ya nyama. Buyoga, ule tunaununua kando ya barabara wakati wa mvua. Wengi hawajui jambo hili: buyoga nyingi ya pori yetu haioti mahali popote. Inashikamana na mizizi ya mutondo na muputu. Muti unaipa buyoga chakula, na buyoga inausaidia muti kunywa maji na kupata chumvi ya udongo. Ukikata miti yote, hata mvua ikinyesha kila siku, buyoga ile haitoki tena. Na vinkubala vinakula majani ya miti hiyohiyo. Basi mtu anayekata muti mmoja wa mutondo anakata makala, anakata buyoga, anakata vinkubala, yote kwa shoka moja.

Moto wa mapema na moto wa kuchelewa

Kuna wazee wanaosema: "Pori imeungua tangu zamani za bankambo, na haikufa." Ni kweli kwamba moto ni wa zamani. Lakini moto si mmoja.

Karibu na sisi, kule Ndola katika Zambia, mwaka wa 1933 watu wa kazi ya misitu waliigawa pori katika sehemu. Sehemu moja ilikatazwa moto kabisa. Sehemu nyingine iliwashwa kila mwaka mapema, mwanzo wa kipwa, wakati majani yangali na umaji-maji. Sehemu ya tatu iliwashwa kila mwaka mwisho wa kipwa, wakati kila kitu kimekauka. Walifanya hivyo miaka mingi. Matokeo yalikuwa wazi hata kwa mtu asiyesoma: pale pasipo moto, pori ilifunga ikawa nene, pale pa moto wa mapema, pori ilibaki pori, pale pa moto wa kuchelewa, miti ilikwisha, ikabaki majani tu na muti mmoja mmoja.

Sababu haiko ngumu. Moto wa mwezi wa tano au wa sita ni mdogo, unapita chini, unazimika usiku kwa umande. Moto wa mwezi wa tisa ni mkubwa, unapanda, na unapata miche na matawi machanga yanayotoka kwenye visiki, wakati uleule muti umetumia nguvu yake yote kutoa majani mapya. Ni kama kumpiga mtu aliye mgonjwa. Wale vijana watano waliwasha katika mwezi ule mbaya kabisa. Hawakujua. Na mimi niliyeandika majina yao sikuwahi kuwaambia.

Makala

Sasa nifike kwenye neno ambalo hatupendi kulisema, sababu linatugusa wote.

Baba mudogo wangu anachoma makala. Najua kazi hiyo kwa macho na kwa mgongo, sababu likizo zote nilimsaidia. Unakata miti, unaacha ikauke kidogo, unaipanga kama nyumba, unaifunika na majani na udongo, unawasha kwa mlango mdogo. Kiisha unalala palepale siku nyingi. Ukiona moshi unatoka mahali pasipo pake, unaamka usiku kuziba na udongo, la sivyo kazi yote inageuka majivu. Watu wamevunjika miguu kwa kukanyaga juu ya tanuru ikawabomokea. Kiisha unafunga saki, unapakia kinga, unaisukuma kilomita nyingi mpaka mjini, na njiani kuna wale wanaotaka "kahawa" yao. Mwenye kusema kwamba watu wa makala ni wavivu, aje nimpe kinga ile aisukume hata kwenye mpando mmoja tu.

Lakini tanuru ya udongo inakula sana. Kilo mia ya miti mikavu inatoa kilo kumi ya makala, au kumi na tano. Ikiwa mwenyewe ni fundi sana, kama ishirini. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Wenye elimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walitazama picha zilizopigwa kutoka juu kabisa, za sehemu zinazoleta makala Lubumbashi. Mwaka wa 1990 pori ilifunika karibu sehemu 78 kwa mia ya inchi ile. Mwaka wa 2022 ilikuwa imebaki karibu 40 kwa mia. Ni nusu, katika wakati wa maisha ya mama yangu tu. Hayo ni ya Lubumbashi, lakini muulizeni kila anayesukuma kinga huku kwetu: zamani alikata wapi, na leo anakwenda mbali gani?

Mwaka jana, nikiwa na elimu yangu mpya ya biolojia kichwani, nilimwambia baba mudogo: "Baba, munamaliza pori." Alisimama, akatia shoka chini, akanitazama. Hakukasirika. Akasema:

"We mutoto ya masomo. Mama yako anapikaka na nini?"

Nikanyamaza.

"Na kule ku enternati, maharagi munayokulaka inaivaka na nini? Na minervali yako, mwaka hii, ilitokaka wapi?"

Sikuwa na jibu, sababu jibu analijua yeye kuliko mimi. Minervali yangu inatoka makala. Nguo hii nyeupe na buluu ninayovaa inatoka makala. Kama nitapita Ekzame ya Leta mwezi wa sita, diploma ile itakuwa na harufu ya moshi.

Tangu siku ile siwezi tena kukubali hotuba zile tunazosikia, kwamba pori inaharibiwa na "watu wa vijiji wasiojua." Mtu wa kijiji anapika na kuni zilizokufa ambazo mke wake anaokota. Makala ni yetu sisi watu wa mji. Anayekata ni yeye, anayekatisha ni sisi. Yeye ana shoka, sisi tuna babula.

Umeme unapita juu ya vichwa

Tena kuna jambo la kushangaza. Hatuko inchi isiyo na umeme. Maporomoko ya Mwadingusha kwenye Lufira yalifungwa na ukuta, na kutoka mwaka wa 1930 yanatoa umeme. Ndiyo yaliyofanya ziwa la Tshangalele tunalovua samaki. Kiisha Koni ilifuata chini yake kwenye mto uleule. Mashine za Mwadingusha zilizeeka, zikatengenezwa upya, na mwaka wa 2021 zilirudi kazini na nguvu ya megawati 78. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni juu ya machimbo ya shaba. Nyaya kubwa zinapita juu ya vijiji, na chini ya nyaya mama anapuliza babula. Hata hapa mjini, mwenye umeme anauona kama mgeni: unakuja bila kuaga na unakwenda bila kuaga. Kwa hiyo hata mwenye reshو ya umeme anaweka saki ya makala nyuma ya mlango.

Sisemi hivi juu ya kumtukana mtu. Machimbo ni kazi ya wazazi wetu wengi, na mji huu ulizaliwa na shaba. Nasema tu kwamba swali la muti ni swali la umeme pia. Ukimkataza mtu makala bila kumpa kitu kingine cha kupikia, unamkataza kula.

Na wanyama?

Katika kalasi yetu tulifanya mabishano juu ya Upemba. Mwenzangu mmoja alisema: "Parki ni ya Bazungu kuangalia nyama, sisi tunataka kukula nyama." Wote walicheka na kupiga mikono. Nataka nimjibu hapa polepole.

Parki ya Upemba ilifanywa na Wabelgiji tarehe 15 mwezi wa tano mwaka wa 1939. Ni kweli kwamba hawakuuliza sana watu waliokaa pale, na wengine walitolewa katika mashamba na mahali pao pa kuvulia. Uchungu ule haujaisha mpaka leo, na mtu anayelinda parki bila kuujua uchungu ule atashindwa. Hilo nampa mwenzangu. Kutoka 1946 mpaka 1949 Bwana de Witte na watu wake walizunguka parki nzima, wakaandika kila mnyama, kila samaki, kila chura, na vitabu vyao vikajaza meza. Kundelungu ilifuata mwaka wa 1970.

Vitabu vile leo vinahuzunisha. Nyama nyingi iliyoandikwa mule ilimalizwa na vita, na bunduki nyingi, na njaa, na biashara ya nyama kavu. Punda milia wa pori wa mwisho wa Kongo wako Upemba, na wako wachache. Na kuna mnyama mmoja wa mabwawa ya Upemba, ndugu ya swala, mwenye pembe zilizopinda, anayependa kusimama ndani ya maji. Hakai mahali pengine popote duniani. Wenye elimu walimpa jina lake peke yake mwaka wa 2005 tu. Miaka michache iliyopita watu walipita juu na ndege kumhesabu, wakaona kumi. Walifikiri kwamba wote kwa jumla hawafiki mia. Sisi katika enternati hii tunapita mia. Fikirini: mnyama aliyekuwa hapa mbele ya bankambo zetu, na leo wote wangeenea katika refekto yetu na viti vingebaki.

Basi mwenzangu, unasema unataka kukula nyama. Nyama gani? Walioila yote hawakukuachia kitu. Anayelinda parki leo analinda hata haki ya mtoto wako kuona kwamba mnyama huyo si hadisi. Na walinzi wenyewe ni watu kama sisi, wana wa Katanga, wana mishahara midogo, na wenzao wamekufa kwa risasi za wawindaji na za vikosi vya porini. Tukiwacheka, tunacheka ndugu zetu.

Tena nani kati yenu anajua kwamba bonde la Lufira, hapa karibu, liliandikwa na UNESCO mwaka wa 1982 kuwa hifadhi ya biosfera? Katika Kongo nzima ziko tatu tu: Yangambi, Luki, na ya kwetu. Nilipomuambia baba mudogo, alicheka mpaka akakohoa. Alisema miaka yote aliyokata pale hajaona mtu wa kumwambia. Jina kwenye karatasi haliwezi kulinda muti hata mmoja kama watu wa pale hawalijui.

Wanaosema "wakubwa waanze"

Wengine watasema: "Kapita, unatusumbua na panya na maharagi, na wakati ule machimbo yanakata kilima kizima." Ni neno la nguvu. Machimbo yanafukua pori, ndiyo, na maji machafu ya shaba yamekwenda miaka mingi katika mito yetu mpaka Tshangalele. Mwaka wa 2009 madaktari wa Lubumbashi pamoja na wa Leuven katika Ubelgiji walichapisha kwamba watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana mwilini, na watoto kuliko wakubwa. Sheria iko: Kode ya Misitu ya 2002, na sheria ya kulinda viumbe ya 2014. Wakubwa waulizwe kwa sheria hiyo, na sisi tukikua, tuwaulize bila woga.

Pia miti mikula ilikatwa kwa maelfu na kupelekwa zaidi Uchina, mpaka mwaka wa 2019 mataifa yakaiweka chini ya ulinzi wa biashara. Hiyo haikuwa kazi ya panya wala ya maharagi.

Lakini nawauliza: jirani yako akitupa takataka mbele ya nyumba yake, wewe unaacha kufagia kwako? Kosa kubwa la mwingine halifuti kosa dogo langu. Na mtu asiyeweza kulinda kilima kimoja nyuma ya enternati yake, atapewaje mji au wizara ailinde? Wale wanaofanya mabaya leo katika ofisi walikuwa wanafunzi kama sisi. Walijifunza pia kusema "wakubwa waanze."

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini, hata wakati wa vita jeshi linakatazwa kukata miti ya matunda ya mji linaouzunguka. Sisi hatuko katika vita. Tunaikata kwa chakula cha jioni.

Ninachoomba

Sipendi maneno yanayoisha kwa kulia. Nataka kuomba mambo manne, na yote yanaweza kufanywa hapa hapa, bila kungojea feza za mtu.

La kwanza, moto. Bwana Prefe aturuhusu, mwezi wa tano ujao, kufyeka njia pana kuzunguka kilima, na kuwasha majani sisi wenyewe, asubuhi, mapema, pamoja na mwalimu wa biolojia na ndoo za maji. Hivyo mwezi wa tisa moto hautapata chakula. Na wale vijana watano nataka wawe walinzi wa kwanza wa njia hiyo. Wanajua panya zinakaa wapi kuliko sisi wote.

La pili, jiko. Nilikaa jikoni juma moja na mama wapishi, na kila saki iliyofunguliwa niliiandika. Ilikuwa saki saba. Nyingi zilikwenda kwa maharagi, sababu maharagi makavu yanatiwa motoni asubuhi, na saa sita bado yanapigana. Kwetu nyumbani nkambo wangu anayalowesha usiku mzima katika maji, na asubuhi yanaiva upesi. Sisi wa enternati tunaweza kufanya kazi hiyo kwa zamu: kila siku ya maharagi, watu wanne, jioni kabla ya kusoma, kuchagua na kulowesha. Tena babula zetu ni chuma tupu, joto lote linatoka kando. Ya udongo mnene inashika moto. Udongo tunao, mafundi wa kufinyanga wako Kikula, na wenzetu wa ufundi wanajua kutengeneza.

La tatu, miti. Tusikimbilie kupanda miche mia kwa siku moja na pasta akaomba, na picha ikapigwa, kiisha ikafa. Kilima chetu kina visiki. Kisiki cha mutondo au muputu hakijafa. Kinatoa matawi kumi. Ukichagua mawili yaliyo bora, ukakata mengine, na ukakataza moto, muti unarudi wenyewe, sababu mizizi yake iko tayari chini. Kwa miaka ishirini, thelathini, ni muti tena. Kila kalasi ipewe visiki vyake, ivihesabu mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka. Masuku na mupundu tupande kwa mbegu, chache, na tuzitunze kweli.

La nne ni la walimu wetu. Tunaomba mtufundishe pia mambo haya ya hapa. Tunajua mito ya Ulaya kwa moyo, lakini nilipouliza katika kalasi yetu ya wamalizaji, mmoja tu alijua Lufira inamwaga wapi. Kuna amri ya mwaka wa 2014 inayoruhusu kijiji kuomba pori yake iandikwe kwa jina la kijiji chenyewe, mpaka hektari elfu makumi tano, na kuisimamia. Baba mudogo wangu hajawahi kusikia. Kwa nini? Sababu anayejua kusoma hajarudi kumwambia. Kule Mampu, upande wa Kinshasa, kuna familia zaidi ya mia tatu zilizopewa mashamba ya akasia. Wanakata, wanachoma makala, wanapanda muhogo, na akasia inaota tena. Makala ile inatoka shamba, haitoki pori. Kama inawezekana Mampu, sababu gani isiwezekane kwetu?

Mwisho

Likizo iliyopita nilirudi kwa baba mudogo. Safari hii sikumhubiri. Nilichukua shoka ya pili nikafanya kazi naye siku tano. Siku ya sita tukiwa tumekaa nilimweleza juu ya Ndola, juu ya visiki, juu ya ile amri ya pori ya kijiji. Alisikiliza, akavuta tumbako yake, akasema tu: "Bwino. Andika ile karatasi, nitaipeleka kwa shefu." Niliandika. Shefu hajajibu bado. Lakini asubuhi yake tulipokwenda kukata, baba mudogo alipita mbele ya mupundu mkubwa, akaugusa na mkono, akaenda kwenye muti mwingine. Hakusema kitu, na mimi sikumwuliza.

Minervali yangu ya mwaka huu ililipwa mwezi wa tisa, na makala. Ninyi mnaoila pamoja nami maharagi mnalipa vilevile. Ni deni, na mtu mwenye deni hafichi uso, anaanza kulipa kidogo kidogo.

Mwezi wa saba, Mungu akipenda, sitakuwa hapa tena. Kapita mwingine atashika filimbi hii na daftari hili la majina. Namwachia daftari lingine pamoja nalo: la visiki vya kilima, nimevihesabu siku ya posho iliyopita pamoja na wale vijana watano. Ni visiki mia mbili na kumi na nne vilivyo hai. Nitakaporudi kuwasalimu, nitakihesabu kilima kwanza, kiisha nitakuja kula maharagi.

Wenu katika kazi,

Kapita wa wanafunzi,
kalasi ya nne ya humanite